Fizi Zangu Hazikutoa Damu: Historia ya Nikotini na Kinywa Chetu

Wasee, leo sina vichekesho. Leo tunaongea kuhusu meno.

Mapema mwaka huu jino langu la nyuma lilininyima usingizi siku mbili mfululizo. Nilijaribu maji ya chumvi, nikajaribu karafuu, nikajaribu kuvumilia. Siku ya tatu nikakopa pesa nikaenda kwa daktari wa meno, mama wa makamo asiye na haraka. Akanipiga picha ya eksirei, kisha akachukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama kama za rula, akaanza kukiingiza polepole kati ya fizi na meno huku akimsomea msaidizi wake namba. Tatu. Nne. Tano. Sita. Mimi nikadhani ukipata namba kubwa ndiyo umepita. Kumbe zilikuwa milimita, na fizi yenye afya haitakiwi kuzidi tatu.

"Unavuta sigara?" akaniuliza.

"Hapana, daktari." Na si uongo. Sigara sijawahi kuwasha maishani.

Akaiangalia ile picha tena. "Na vepu je?"

"Hiyo ndiyo, lakini si moshi. Ni mvuke tu."

Hakubishana nami. Aliuliza tu kama fizi zangu huwa zinatoa damu nikipiga mswaki. Nikajibu kwa majivuno, hata siku moja.

"Hapo ndipo shida ilipo, kijana wangu," akasema. "Zilipaswa kutoa."

Akanieleza. Fizi ikishambuliwa na bakteria huvimba, na ukiipitisha mswaki hutoa damu. Ile damu ni ujumbe. Lakini nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Kwa hivyo ugonjwa unaendelea kula mfupa unaoshikilia jino huku fizi zikionekana shwari. Siku unapohisi maumivu, umechelewa.

Niko na miaka 23 na nina pengo.

Chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma. Lakini kusoma sikuacha, na wanaonifuata hapa wanajua nikishikwa na swali huwa silali. Nilirudi kwa keja na swali moja: ilikuwaje nikajua mambo mengi hivyo kuhusu mapafu, na nisijue chochote kuhusu kinywa? Iwe moshi, iwe mvuke, iwe ugoro, kila kitu kinapitia mdomoni kwanza. Mlango wenyewe ndio hatuuzungumzii. Nikaanza kuchimba historia. Nilichopata ni kwamba si mimi wa kwanza kudanganywa, na mbaya zaidi, mimi pia nimedanganya. Tutafika hapo.

Ilikuja kama dawa

Tumbaku ni mmea wa Amerika. Wenyeji wa huko waliutumia kwa karne nyingi kabla ya meli za Wahispania kufika mwaka 1492. Ulipovuka bahari kwenda Ulaya, haukuletwa kama starehe tu. Karibu mwaka 1560 balozi wa Ufaransa nchini Ureno, Jean Nicot, alituma tumbaku kwa malkia Catherine de' Medici kama dawa. Jina la huyo balozi ndilo tunaloliita hadi leo: nikotini.

Mwaka 1571 daktari wa Seville, Nicolás Monardes, alichapisha maandishi yaliyosifu tumbaku kama tiba ya magonjwa zaidi ya 20. Na mojawapo ni nini? Maumivu ya meno. Soma tena polepole. Kitu ambacho leo tunajua kinalegeza meno, kiliingia Ulaya kikiuzwa kama dawa ya meno.

Walipinga wengine. Mwaka 1604 Mfalme James wa Uingereza aliandika kijitabu kizima cha kuishambulia tumbaku. Haikusaidia. Tumbaku ikafika Afrika, ikazoeleka mpaka leo ukiuliza mzee atakwambia ni mmea wa babu zetu.

Shosho yangu alikuwa na kikopo cha ugoro ambacho hatukuruhusiwa kukigusa. Alikuwa akichota kidogo kwa kidole, anaweka nyuma ya mdomo wa chini, kisha anaendelea na kazi zake za shamba. Meno ya mbele ya chini yalianza kucheza, yakatoka moja baada ya jingine. Kila mtu nyumbani alisema ni uzee. Hakuna aliyeuliza kwa nini uzee ulianzia pale pale ugoro ulipokaa.

Daktari wa kwenye tangazo

Tuje karne ya 20, Marekani, enzi ya sigara. Mwaka 1946 kampuni ya sigara za Camel ilianza matangazo yaliyodai kwamba madaktari wengi walipendelea sigara hiyo kuliko nyingine. Koti jeupe, uso wa upole, na sigara mkononi. Viceroy nao, katika miaka iyo hiyo, wakatumia daktari wa meno. Anakutazama usoni na kukushauri, kama daktari wako wa meno, uvute Viceroy. Kisa? Ina kichujio.

Kichujio ndicho kilikuwa "mvuke tu" ya zama zile. Watu walikuwa wameanza kuogopa, basi wakapewa kitu cha kutuliza roho. Kati ya mwaka 1952 na 1956 sigara za Kent ziliuzwa na kichujio kilichosifiwa kuwa kinga bora kuliko vyote. Ndani yake kulikuwa na asbesto, madini ambayo leo tunajua yanaleta saratani. Mtu alilipa zaidi ili awe salama, akavuta asbesto.

Tarehe 4 Januari 1954 kampuni za tumbaku za Marekani zilichapisha tangazo moja kwenye magazeti zaidi ya 400, wakiahidi kwamba afya ya wateja wao ndiyo jukumu lao la kwanza. Ikachukua miaka kumi, hadi Januari 1964, ndipo Daktari Mkuu wa Marekani, Luther Terry, akatoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu.

Mapafu. Kuanzia hapo mazungumzo ya dunia yakahamia kifuani, na kwa sehemu kubwa hayajatoka huko. Ndiyo maana mimi, kijana wa Nakuru aliyezaliwa karibu miaka 40 baadaye, niliposikia kwamba vepu haina moshi nilijiona nimemaliza mtihani wote.

Kijana wa Oklahoma

Kuna kipindi kimoja tu katika historia hii ambapo kinywa kilisimama mbele. Na kilisimama kwa sababu ya kijana.

Sean Marsee alikuwa mwanariadha wa shule ya upili huko Oklahoma. Mkimbiaji, medali 28. Hakuvuta sigara, mwanariadha gani anavuta sigara? Lakini tangu akiwa na miaka 12 alikuwa akiweka ugoro mdomoni, ule wa kikopo. Alijiambia kwamba kisicho na moshi hakiwezi kuwa hatari. Mwaka 1983 akapata kidonda kwenye ulimi. Ilikuwa saratani. Wakamfanyia upasuaji, wakarudia tena, na bado ikasambaa. Alifariki Februari 1984 akiwa na miaka 19.

Mama yake, ambaye alikuwa muuguzi, aliishtaki kampuni ya ugoro. Mwaka 1986 baraza la mahakama likaamua kampuni haina hatia. Lakini mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyopiga marufuku matangazo ya tumbaku isiyo na moshi kwenye redio na televisheni, na kulazimisha maonyo matatu kwenye vikopo. La kwanza: bidhaa hii yaweza kusababisha saratani ya kinywa. La pili: yaweza kusababisha ugonjwa wa fizi na kupoteza meno. La tatu: si mbadala salama wa sigara.

Mwaka 1986! Maneno "ugonjwa wa fizi na kupoteza meno" yalikuwa yameandikwa kwenye kikopo miaka mingi kabla sijazaliwa. Sasa linganisha. Tangu Agosti 2018 onyo linalotakiwa kwenye vepu huko huko Marekani linasema tu kwamba bidhaa ina nikotini, na nikotini inaleta uraibu. Fizi hazimo. Meno hayamo. Onyo walilopewa vijana wa ugoro halikurithiwa na sisi wa vepu.

Mvuke unaingia

Wengi hudhani vepu ni kitu cha juzi. Mmarekani Herbert Gilbert aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku mwaka 1963, akaipata mwaka 1965. Haikupata soko. Sigara ya kielektroniki tunayoijua leo ilitoka China karibu mwaka 2003, kwa mfamasia Hon Lik, mvutaji ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Nataka niwe wa haki hapa: huyu mtu alikuwa anatafuta njia ya kutoka. Na kwa mtu mzima anayevuta pakiti kwa siku, watafiti wengi wanakubali kwamba mvuke una sumu chache kuliko moshi wa sigara.

Lakini sisi hatukuwa tunatoka popote. Sisi tulikuwa tunaingia.

Mwaka 2015 Juul iliingia sokoni Marekani. Waanzilishi wake, Adam Bowen na James Monsees, walikutana Chuo Kikuu cha Stanford. Kifaa kilifanana na flashi ya kompyuta, kikatumia chumvi za nikotini ambazo hazikwaruzi koo, na kidonge chake kimoja kilikuwa na nikotini inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara. Ongeza ladha za matunda. Kufikia mwaka 2018 wanafunzi zaidi ya milioni 3.6 wa shule za kati na za upili Marekani walikuwa wakitumia sigara za kielektroniki, na serikali yao ikaliita jambo hilo janga.

Mwaka uliofuata watu wakaanza kulazwa kwa ugonjwa wa ghafla wa mapafu. Kufikia Februari 2020 vifo 68 vilikuwa vimethibitishwa, na lawama kubwa ikaangukia vitamini E iliyochanganywa kwenye vepu za bangi. Dunia nzima ikashtuka. Tena kwa ajili ya mapafu. Nakumbuka nikiwaambia wenzangu, "Sisi hatuweki bangi, sisi tuko sawa." Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza habari ya kinywa.

Kinachotokea mdomoni

Sasa nikueleze nilichoelewa, kwa lugha ya mtaa.

Maji ya vepu kwa kawaida ni propilini glaikoli, gliserini, ladha, na nikotini. Propilini glaikoli inapenda maji, inayafyonza popote inapopita, ndiyo sababu mdomo unakauka ukivuta. Ukikauka, mate yanapungua. Na mate ndiyo mlinzi wa meno: yanasafisha mabaki, yanapunguza makali ya asidi, yanarudisha madini kwenye jino. Gliserini nayo ni nzito na tamu. Ukiichanganya na vionjo vya peremende, mvuke unaacha utando unaonata. Katika jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2018, mvuke wenye ladha tamu ulifanya bakteria wa kutoboa meno washikamane na jino mara nne zaidi, na gamba gumu la jino likapungua ugumu kwa asilimia 27.

Hiyo ni maabara. Je, watu? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts walipitia rekodi za wagonjwa zaidi ya 13,000 wa meno. Miongoni mwa waliosema wanavuta vepu, asilimia 79 waliwekwa kwenye kundi la hatari kubwa ya meno kuoza. Kwa wasiovuta ilikuwa asilimia 60 hivi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walichunguza vinywa vya watu 119. Ugonjwa wa fizi au maambukizi: wasiovuta asilimia 28, wa vepu karibu 43, wa sigara zaidi ya 72.

Angalia hizo namba vizuri, usizisome kwa hofu wala kwa ushabiki. Sigara inabaki mbaya zaidi. Na tafiti za namna hii zinaonyesha mambo yanayotembea pamoja. Hazitoshi peke yake kuthibitisha kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Waliovepu Tufts walikuwa wachache kati ya hao maelfu. Lakini mtu asiyevuta chochote, kama nilivyokuwa mimi kabla ya kuanza, hatoki kwenye 72 kushuka 43. Anatoka kwenye 28 kupanda.

Na usisahau betri. Mwaka 2019 jarida moja kubwa la udaktari Marekani lilieleza kisa cha kijana wa miaka 17 wa Nevada ambaye vepu yake ililipuka mdomoni, ikavunja taya na kung'oa meno.

Hapa kwetu, na mimi mwenyewe

Kenya si kwamba tumelala. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ni ya mwaka 2007. Inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18 na inakataza matangazo. Lakini iliandikwa wakati vepu hazijafika mitaani kwetu. Desemba 2017 waziri wa afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, alipiga marufuku shisha, ambayo nayo ilikuwa na sifa ile ile: ina ladha ya matunda, inapita kwenye maji, kwa hivyo haina neno. Mwaka 2019 vikaja vifuko vya nikotini vya Lyft, vile vya kubandika kwenye fizi, vikiwa vimesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Oktoba 2020 waziri Mutahi Kagwe akasema usajili ule haukufuata sheria. Mwaka 2024 mswada ukafika Seneti wa kuziweka vepu na vifuko hivyo chini ya sheria ya tumbaku.

Umeona? Mwaka 1571 daktari wa Seville anaiita dawa ya meno. Mwaka 2019 bidhaa ya kubandika kwenye fizi inaingia Kenya kupitia bodi ya dawa. Karibu miaka 450, na mlango ni ule ule.

Sasa yangu. Nikiwa na miaka 20, chuo nimeacha, kodi ya nyumba imenikaba, duka moja lilinipa vepu tano na shilingi 15,000 nitengeneze video. Ladha ya embe yenye baridi. Nilikaa mbele ya kamera, nikapuliza mduara, nikatabasamu, nikasema maneno ambayo hakuna aliyeniandikia. Niliyatunga mwenyewe: "Hii ni safi wasee, haina moshi, meno yanabaki meupe."

Nilipoliona lile tangazo la Viceroy nilifunga simu. Yule mwanamume wa koti jeupe ni mimi bila koti. Yeye angalau ilibidi avalishwe ili aaminiwe. Mimi niliaminiwa kwa sababu ninaongea kama nyinyi.

Video niliifuta baada ya kutoka kwa daktari. Lakini mwezi uliopita nilienda nyumbani, nikamkuta binamu yangu wa kidato cha tatu nyuma ya zizi akipuliza. Nikaanza kumfokea kama mzazi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa heshima kabisa, "Lakini kaka, si wewe ulisema meno yanabaki meupe?"

Sikuwa na jibu. Nilifungua mdomo nikamwonyesha pengo.

Sikuandika haya kukuhubiria. Wewe ni mtu mzima, mapafu ni yako, meno ni yako. Naomba mambo machache tu. Ukienda kwa daktari wa meno na ukiulizwa kama unavuta, usijibu kama nilivyojibu. Taja vepu, taja shisha, taja vifuko. Usipime afya ya fizi kwa kuangalia kama zinatoa damu. Mwambie daktari apime kina. Na ukiwa na wafuasi, hata mia mbili tu, jua maneno yako yanafika kwa mtoto wa kidato cha tatu.

Na jambo la mwisho, kwa sababu hili karibu linirudishe nyuma. Wiki chache baada ya kuacha, fizi zangu zilianza kutoa damu. Nilishtuka. Nikajiambia, kumbe vepu ndiyo ilikuwa inanisaidia. Nikampigia daktari. Akaniambia nisiogope, nije anisafishe tena, kwamba kwa wanaoacha nikotini hilo hutokea: mishipa inafunguka, na fizi zinaanza kusema yale ambayo zilikuwa zimezuiwa kusema.

Leo asubuhi nimepiga mswaki, nikatema, sinki likawa na wekundu kidogo tu, kuliko wiki jana. Kesho narudi kwa daktari. Na nimempigia binamu yangu, tutaenda pamoja.